Picha za Melini Hazijihifadhi Zenyewe

Mwulize abiria yeyote anayeshuka kwenye meli ya kitalii bandarini Mombasa au pale Malindi, Unguja, kama picha zake za safari ziko salama. Atajibu huku anatembea: ziko mtandaoni, simu inazipandisha yenyewe. Jibu hilo hilo hutoka kwa vijana wa Pwani wanaopata mikataba ya miezi kadhaa ya kupika, kusafisha vyumba na kuhudumia wageni katika meli hizo, watu ambao simu zao hubeba sehemu kubwa ya mwaka wao. Ni imani iliyoenea kweli kweli, na haina mguu wa kusimamia. Nchi kavu ina nusu ya ukweli. Baharini hata hiyo nusu ni ya kutafuta.

Simu haipandishi picha kwa sababu tu imepigwa. Google Photos, inayotumika katika simu nyingi za Android, kwa kawaida husubiri Wi-Fi ili isile bando la mwenye simu. iCloud ya Apple nayo husimamisha kazi simu inapowekwa katika hali ya kubana chaji. Meli ikishaiacha bandari nyuma, mnara wa nchi kavu hupotea, na abiria mwenye akili huweka simu katika hali ya ndege asije akanaswa na mnara wa ndani ya meli, ambao bili yake humfuata mtu hadi nyumbani. Kuanzia hapo picha hukaa foleni. Simu hailii wala haimwamshi mtu usiku kumwambia kwamba picha za jana hazijaenda popote. Anayetaka kujua ukweli sharti afungue programu yenyewe, aguse ile picha yake ndogo ya akaunti kwenye kona ya juu, asome ni ngapi zimebaki. Wengi hawajawahi kugusa hapo tangu wanunue simu.

Halafu kuna hesabu, ambayo waumini hawaipendi. Chukua mtalii wa kawaida, si mpiga picha wa harusi. Anapiga picha 100 kwa siku, kila moja megabaiti 3 hivi. Hizo ni megabaiti 300. Anarekodi video za dakika kumi kwa jumla: pomboo wanaofuata meli, ngoma ya usiku ukumbini, mtoto bwawani. iPhone inayorekodi kwa 4K, fremu 30 kwa sekunde, hutumia takriban megabaiti 170 kwa kila dakika, na hiyo ni hesabu ya Apple wenyewe. Jumla inafika gigabaiti 2 kwa siku, gigabaiti 14 kwa wiki. Apple hutoa gigabaiti 5 za bure, kiwango kile kile cha tangu 2011. Zitajaa siku ya tatu, na hapo ni kama zilikuwa tupu safari ilipoanza. Google hutoa 15, lakini hizo ni za barua pepe, hati na picha kwa pamoja, na tangu 2024 hata nakala za WhatsApp za simu za Android zinahesabiwa humo humo. Enzi ya kupandisha picha bila kikomo na bila kulipa ilifungwa tarehe 1 Juni 2021. Imani iliyozaliwa enzi hiyo bado inatembea mitaani.

Watetezi watasema mambo yamebadilika, na kwa sehemu wana haki. Zamani meli zilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kila ombi la mtandao lilipanda huko na kurudi huku mtu anasubiri. Agosti 2022 kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza kufunga mtandao wa setilaiti za Starlink katika meli zake, na wenzao wakafuata. Setilaiti hizo huruka takriban kilomita 550 tu, na aliyewahi kusafiri kabla na baada yake anaijua tofauti. Lakini kasi hiyo hugawanywa. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, ikijaa hubeba abiria hadi 7,600 na wafanyakazi 2,350, na jioni, watu wanaporudi vyumbani, kila mmoja anataka kuonyesha jamaa zake alichokula. Mtu akipata megabiti 2 tu kwa sekunde, zile gigabaiti 2 za siku moja zitamchukua zaidi ya saa mbili bila kukatika hata mara moja. Na mtandao wa meli huuzwa, mara nyingi kwa siku na kwa kifaa. Kijana wa jikoni anayenunua kifurushi kwa mshahara wake hawezi kukimaliza kwa video za pomboo. Anakitunza azungumze na mkewe. Afadhali afanye hivyo.

Tuseme hata hivyo kwamba mtandao ni mzuri na kila picha imepanda. Je, sasa ziko salama? Hapa ndipo imani hii inapoharibu zaidi, kwa sababu watu wanachanganya mambo mawili: kunakili na kusawazisha. Huduma kama iCloud Photos husawazisha. Kazi yake ni kuhakikisha kilicho kwenye simu ndicho kilicho kwenye akaunti, na ni kioo: ukiondoka mbele yake, sura nayo inaondoka. Mtoto akifuta albamu ya Lamu kwa bahati mbaya, inafutika kila mahali, inakaa kwenye kapu la vilivyofutwa siku 30, kisha basi. Google Photos hutoa siku 60 kwa picha zilizokwisha kupandishwa. Aliye safarini kwa miezi saba, anayefungua programu hiyo kwa nadra, anaweza kupitwa na siku hizo zote asijue kuna kilichopotea.

Kuna na kinyume chake. Simu ikibanwa na nafasi, iPhone huweza kubakiza picha ndogo ndogo tu na kuziacha zile kamili kwenye seva. Google nayo ina kitufe cha kufungua nafasi, ambacho hufuta picha za kwenye simu zilizokwisha kupanda. Baada ya hapo mwenye simu hana nakala mbili. Ana moja, na iko kwa mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine naye ana masharti yake. Tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti binafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliripoti kisa cha baba mmoja wa San Francisco aliyepiga picha za mwanawe mgonjwa ili daktari azione. Mitambo ya Google ikazitilia shaka, akaunti ikafungwa, polisi wakamchunguza na kumwona hana kosa, lakini akaunti hakurudishiwa. Wenye mtandao wa kijamii wa MySpace walikiri mwaka 2019 kwamba karibu kila kilichopakiwa kwao kabla ya 2016, picha, video na nyimbo, kilipotea wakati wa kuhamisha seva. Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna kampuni kati ya hizi iliyokuwa kibanda cha mtaani.

Ya WhatsApp haihitaji maneno mengi. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida kwenye kundi la familia hubanwa, na taarifa za tarehe na mahali ilipopigwa huondolewa. Inatosha kumwonyesha shangazi. Haitoshi kuchapishwa na kutundikwa ukutani, na anayefuta picha ya asili kwa kuwa ameshaituma amejibakizia kivuli chake. Anayetaka itoke nzima aitume kama hati.

Wanaojua vizuri kazi ya kutunza nakala ndio wanaoogopa zaidi, na wana sababu. Mwaka 1998, Pixar walipokuwa wakitengeneza Toy Story 2, mtu fulani alitoa amri iliyoanza kufuta filamu yenyewe. Wahusika na mandhari vikawa vinatoweka kwenye skrini huku watu wanatazama. Walikimbilia nakala zao za akiba, wakakuta hazifanyi kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Kilichowaokoa ni mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwa kuwa alikuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Kompyuta ile ilifungwa mablanketi, ikapakiwa kwenye gari, ikaendeshwa pole pole hadi ofisini. Studio yenye wahandisi wa kila aina iliponea kwenye kompyuta ya mama mzazi, ilhali abiria wa meli anaamini alama ya tiki kwenye simu yake.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alishaliweka sawa jambo hili katika kitabu chake The DAM Book: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mahali pengine. Kanuni hiyo inajulikana duniani kote na ni nzuri. Ugumu wa meli uko kwenye hilo la mahali pengine, kwa sababu kwa wiki nzima kila alichonacho msafiri kinaelea ndani ya chombo kimoja.

Usiku wa 13 Januari 2012 meli ya kitalii ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na zaidi ya watu 4,200. Watu 32 walikufa. Mbele ya msiba kama huo picha si kitu, na asiwepo wa kurudi chumbani kufuata kamera. Lakini wengi walitoka na nguo walizovaa, na meli ililala ubavu pale hadi ilipoinuliwa Septemba 2013. Kamera iliyo mezani na diski iliyo kwenye droo ya meza hiyo hiyo zilikwenda pamoja. Si lazima meli izame ndipo hayo yatokee: mwizi wa bandarini huchukua begi zima, hachagui.

Kwa hiyo msafiri afanye nini? Arudi kwenye vitu vinavyoshikika. Kila jioni, baada ya kuoga na kabla ya chakula, picha za siku zihamishwe kutoka kwenye simu au kamera hadi kwenye diski ndogo ya nje. Simu nyingi za Android, na iPhone kuanzia ile ya 15 ya mwaka 2023, huchomekwa diski ya USB-C moja kwa moja, bila kompyuta. Kisha zifunguliwe picha tatu nne kutoka kwenye diski, video moja ichezwe mpaka mwisho. Hiyo ndiyo hatua ambayo watu wa Pixar waliiruka. Siku ya kushuka kutembea mjini, simu na diski zisikae mfuko mmoja: moja iende na mtu, nyingine ibaki kwenye sefu ya chumbani au kwa mwenzake aliye chumba kingine.

Mwenye kamera asifute kadi hadi afike kwake. Tabia ya kusafisha kadi kila usiku ili itumike tena ni ubahili wa ajabu kwa mtu aliyelipia safari ya meli. Anunue kadi za kutosha, na azinunue kwa muuzaji anayeweza kumrudia. Kadi bandia zimejaa sokoni. Ganda linasema gigabaiti 512, kompyuta nayo inadanganywa ikubali, kumbe ndani zipo 16 tu, na kila kinachozidi hapo hakihifadhiki ingawa jina la faili linaonekana. Programu za bure kama H2testw na F3 huijaza kadi na kuisoma upya, na uongo huo hujitokeza kabla ya safari badala ya baada yake. Kadi ya kweli, kwa upande wake, ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Machi 2018 wanafunzi wa shule ya msingi waliokuwa wakisafisha ufuo nchini Taiwan waliokota kamera iliyoota viumbe vya baharini juu ya kasha lake la kuzuia maji. Mwenyewe, mwanafunzi wa Japani, alikuwa ameipoteza zaidi ya miaka miwili kabla. Picha zake alizipata.

Na mtandao? Mtandao upewe kazi inayolingana na uwezo wake. Kila siku zichaguliwe picha kumi ambazo mtu angelia akizipoteza, zipandishwe hizo tu, nzima, hata kwa kifurushi kidogo. Zilizobaki zisubiri bandari yenye Wi-Fi ya kueleweka au sebule ya nyumbani. Hapo ndipo sharti la Krogh la mahali pengine linapotimia, japo kwa sehemu, na mtandao unapata heshima yake bila kusifiwa kwa usichofanya.

Jambo la mwisho linahusu usiku wa mwisho. Katika meli nyingi abiria huambiwa waweke mabegi makubwa nje ya milango ya vyumba vyao kabla ya kulala. Wafanyakazi huyakusanya, na wenyewe huyakuta asubuhi kwenye ukumbi wa bandari kati ya maelfu yanayofanana. Msomaji unayejiandaa kupanda, kabla ya kulitoa begi hilo chunguza mifuko yake yote. Diski na kadi viende kwenye mkoba wako wa mkononi, pamoja na pasipoti.