Wasitenganishwe Masahibu: Wito kwa Wakazi wa Miji ya Mwambao

Enyi wenzangu mkaao Lamu na Mombasa, Tanga na Unguja, na kila mji wa mwambao ambao vichochoro vyake na masoko yake ya samaki hayajapata kukosa paka, nawaletea neno ambalo kwa mtazamo wa juu juu laweza kuonekana dogo, lakini ambalo mimi nalihesabu kuwa ni sehemu ya muruwa wa mji: kwamba paka waliookolewa vichochoroni, wakatibiwa na kutunzwa mpaka wakapata siha, na ambao katika mashaka yao wamefungamana wawili wawili kwa suhuba isiyofichika, wachukuliwe pamoja wala wasigawanywe.

Imeenea baina yetu dhana kwamba paka ni mnyama wa upweke, asiyemhitaji mwenziwe, mwenye kuipenda nyumba na si waliomo. Dhana hiyo ina asili yake, kwa kuwa paka huwinda peke yake, na panya mmoja au mjusi mmoja si riziki ya kugawanywa. Lakini kuwinda peke yake si kuishi peke yake. Mwenye kutulia asubuhi kando ya soko la Darajani, au ufukoni Lamu wavuvi wanapoteremsha samaki, na akatazama badala ya kupita tu, atawaona paka majike wa ukoo mmoja, mama na binti na dada, wakikaa mahali pamoja na pengine wakinyonyesheana watoto bila ya kubagua yupi kamzaa yupi. Na miongoni mwao wapo wawili ambao mapenzi yao yamepita ya ujirani. Hao hulala wamelaliana hata katika joto la kaskazi, ambapo hakuna awezaye kusema kuwa ni baridi iliyowakusanya. Hulambana kichwani na shingoni, mahali ambapo ulimi wa paka mwenyewe haufiki. Hulakiana kwa mikia iliyosimama wima na kusuguana mashavu. Na mmoja akitolewa chumbani kwenda kutibiwa, wa pili huzunguka mlangoni akilia mpaka arejeshwe.

Wenye kuwatunza wanajua yatokeayo anapofika mtu wa nia njema, akapendezwa na mmoja, aghalabu yule mchanga zaidi au mwenye rangi ya kupendeza, akamtia tengani na kwenda zake, akimwacha nyuma mzee, au mwenye chongo, au yule ambaye mguu wake uliwahi kukanyagwa na pikipiki. Aliyeachwa huzizima kwa simanzi. Aliyechukuliwa naye, badala ya kuifurahia nyumba mpya, hujificha uvunguni na kukataa chakula. Na jambo hili si la kupuuzwa, kwa maana paka, hasa aliyenenepa, akikaa siku chache bila ya kula, mafuta ya mwili wake hukimbilia ini, na ini likishajaa mafuta hushindwa na kazi yake, na asipotibiwa upesi hufa. Mwenye nyumba, asiyejua kuwa anayemwona ni mfiwa, humdhani mkaidi na mwenye chuki, akamrudisha, au, vibaya zaidi, akamfungulia mlango. Basi tumemtoa kiumbe kichochoroni kwa taabu na gharama, tukamrejesha kichochoroni akiwa amepungukiwa na kitu kimoja alichokuwa nacho hapo awali, nacho ni mwenzake.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuazima hoja mbali. Abu Huraira, ambaye hakuna sahaba aliyepokea hadithi nyingi kumshinda, alijulikana kwa lakabu itokanayo na paka mdogo. Na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie, hakuna chuo cha Kurani ambacho watoto wake hawajaisikia. Lakini katika mapokezi hayo lipo moja liligusalo jambo letu kwa karibu zaidi, nalo limo katika mkusanyo wa Abu Daud: ndege aliyechukuliwa makinda yake katika safari akawa anapigapiga mbawa kwa jitimai, na Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa kumwondolea wanawe, akaamuru arudishiwe. Hatukuambiwa kuwa makinda yale yalipigwa wala kunyimwa chakula. Lililokemewa ni kutenganisha. Nao ndugu zetu Wakristo wanacho Kitabu cha Mithali, ambacho humtambua mwenye haki kwa namna anavyouangalia uhai wa mnyama wake.

Najua jibu litakalonijia, kwa kuwa nimelisikia katika baraza nyingi na sina sababu ya kulidharau: kwamba maisha ni ghali, kwamba mtu anayepima unga kwa kibaba hawezi kuongeza vinywa viwili, na kwamba paka mmoja ni hisani ya kutosha. Ni kweli kwamba wawili hula maradufu, na ada ya bwana mifugo hulipwa kwa kila kichwa. Lakini ni nani aliyesema kwamba mzigo huu ni wa nyumba moja? Wazee wetu walijua kula kikoa, kila mmoja akiwaandalia wenziwe kwa zamu yake, na hapakuwa na aliyeelemewa, ilhali wote walishiba. Hivyo hivyo mtaa waweza kula kikoa na paka wake: nyumba moja itoe malazi, ya pili ilete vichwa vya samaki na matumbo siku za Jumatatu na Alhamisi, ya tatu ikusanye fedha ya chanjo, na muuza samaki, ambaye mabaki yake huyatupa hata hivyo, aweke fungu lake kando. Na kwa kuwa nyumba zetu za mawe zimegusana kuta, na nyingine huko Lamu zimeunganishwa kwa wikio juu ya kichochoro, yawezekana kabisa paka wawili wakawa wa nyumba mbili, wakashinda kwa huyu na kulala kwa yule, bila ya kuachana hata usiku mmoja. Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, imepokewa kwamba aliacha bustani nzima iwe wakfu wa paka wa Cairo. Sisi hatuombwi bustani.

Lipo sharti moja nisilolilegeza. Wawili hao wahasiwe na kufungwa kizazi kabla ya kukabidhiwa, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja, kwa maana paka hawajui haramu ya udugu, jike aweza kushika mimba tangu mwezi wake wa nne, na mimba yenyewe haizidi sana siku 63. Mtaa utakaopuuza hili utajikuta mwaka haujaisha umerudi pale ulipoanzia. Wachanjwe pia kichaa cha mbwa, ambacho jina lake lisitudanganye, kwani paka naye hukipata na kukiambukiza. Tarehe 28 Septemba huadhimishwa duniani kuwa siku ya kupambana na maradhi hayo, nami naiomba kila kamati ya mtaa iiandikie ofisi ya mifugo mapema, itake paka nao wachanjwe pamoja na mbwa siku hiyo.

Kwa watunzaji nina ombi la namna nyingine: si kila paka wawili walalao chumba kimoja ni masahibu, na kuwafunga pamoja maadui ni dhuluma nyingine, lakini mkishathibitisha usuhuba kwa macho yenu, msikubali kuugawa kwa sababu tu nafasi imekuwa finyu na mgeni amesimama mlangoni. Huko Uswisi, kanuni za mwaka 2008 zinamtaka mwenye paka mmoja ahakikishe kwamba kila siku paka huyo yuko na watu au anawaona paka wenzake. Sisi hatuna kanuni ya namna hiyo, na sidhani kwamba twahitaji kuingojea, maadamu waliwahi kutuambia wahenga wetu kwamba paka wa nyumba haingwa.

Watakapofika, wapeni chumba kimoja tulivu, mabeseni mawili ya mchanga na maji safi, na msiwatoe nje mpaka wiki mbili tatu zipite na harufu ya nyumba iwe yao. Aliye tayari na aende kwa watunzaji wa mji wake juma hili hili, aulize ni wawili gani wasioachana, na kabla ya kuwatia katika tenga moja apite barazani, awaulize majirani zake watashika zamu ya siku gani.