Istilahi Kabla ya Dhana?

Kila inapozuka hoja ya kufunza hisabati kwa Kiswahili, sisi wanafunzi wa lugha hukimbilia istilahi. Kipimo cha jinsi kitu kinavyobadilika kadiri wakati unavyopita tukiite mnyambuo, au tutohoe jina la kigeni? Kwa maoni yangu, tunagombania jina la mtoto ambaye hatujamwona. Wengi wetu tulikokotoa hesabu hizi katika kidato cha nne. Mimi nilikariri kanuni, nikafaulu, na sikujua nilichokuwa nikikitafuta.

Tuchukue nazi inayodondoka kutoka kwenye mnazi wenye urefu wa mita 20. Tukipuuza ukinzani wa hewa, umbali iliouanguka kwa mita ni takriban mara 5 ya mraba wa sekunde zilizopita. Hivyo baada ya sekunde 2 imefika chini. Je, inagusa ardhi kwa kasi gani? Ukigawa 20 kwa 2 utapata 10, lakini huo ni wastani tu, nayo nazi ilianza polepole. Basi tuutazame mwisho wa safari. Katika sekunde ya mwisho imeshuka mita 15. Katika sehemu ya kumi ya mwisho ya sekunde hiyo imeshuka mita 1.95, yaani kasi ya mita 19.5 kwa sekunde. Katika sehemu ya mia ya mwisho ni mita 0.1995, yaani kasi ya 19.95. Kadiri tunavyoufinya muda, ndivyo jibu linavyoikaribia 20. Hiyo 20 ndiyo kasi ya papo hapo, sawa na kilomita 72 kwa saa. Ole wake aliyeketi kivulini!

Rudia hesabu kwa nukta yoyote ya safari: kasi ni mara 10 ya muda. Nayo kasi yenyewe hubadilika kwa kiwango kisichobadilika, 10, ambacho huitwa mchapuko. Umbali umezaa kasi, kasi ikazaa mchapuko, mithili ya piga, pigana, piganisha. Kumbe jina mnyambuo lina mantiki, ingawa katika sarufi neno hurefuka ilhali hapa kipeo hupungua. Mantiki hiyo sikuipata katika kamusi. Niliipata kwa kuihesabu nazi.

Ndiyo maana ningependa idara zetu ziwaalike wahadhiri wa hisabati watufunze kwanza, nasi tuwahoji kwa Kiswahili, kabla ya kamati yoyote ya istilahi kuketi.