Sinema na Jamaa: Picha Tano za Mwaka 1959



Kila mpenzi wa sinema ana desturi yake: mwaka ukiisha, huketi akazihesabu picha zilizompendeza, akazipanga moja baada ya nyingine. Leo nasi twafanya hivyo, ila mwaka tunaouhesabu si huu uliopita. Ni mwaka 1959, mwaka mzima wa mwisho kabla ya uhuru wa nchi yetu. Wakati ule picha za kuonyeshwa Waafrika zilipitishwa kwanza na kamati ya serikali ya kikoloni, kana kwamba watu wazima walikuwa watoto wa kuchaguliwa chakula. Kwa hiyo wazee wetu wengi hawakuziona picha tutakazozitaja. Sisi tumeziona baadaye, tena na tena, na tumekata shauri letu.

Msomaji asitafute hapa hukumu ya wataalamu; ni mapenzi yetu tu. Lakini tulipokwisha kuzipanga tuliona jambo ambalo hatukulitafuta: zote tano zasimulia habari za nyumba, na za mtu aliyetengwa na nyumba hiyo.

Ya tano ni The Nun's Story, iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Twaanza nayo kwa kuwa yatuhusu. Sehemu zake za Kongo zilipigwa mwaka 1958 kule Stanleyville, ndio Kisangani ya leo. Audrey Hepburn ni Sista Luka, binti wa daktari Mbelgiji, ambaye haja yake ni kuwauguza Waafrika. Kabla ya safari mkuu wake amshauri ashindwe mtihani wa magonjwa ya nchi za joto kwa makusudi, apate kuwa mnyenyekevu. Anafaulu, na kwa sababu hiyo anacheleweshwa. Akiisha kufika Kongo, anapelekwa hospitali ya Wazungu! Kisha vita inampata Ulaya, Wajerumani wanamwua baba yake, naye haoni moyoni mwake nguvu ya kuwasamehe. Mwishoni anaomba kufunguliwa nadhiri. Hakuna muziki wala neno. Mlango wafunguka, naye anatoka peke yake njiani. Picha hii haimcheki mtawa wala haimcheki aliyeondoka. Kasoro yake twaiona wazi: Waafrika waliomo wamepewa maneno machache mno katika nchi yao wenyewe. Ndiyo maana tumeiweka ya tano.

Ya nne ni Ben-Hur ya William Wyler. Tulipokuwa wanafunzi tungaliiweka ya kwanza bila kufikiri, kwa ajili ya mashindano ya magari ya farasi na wale farasi wanne weupe. Mwaka 1960 picha hii ilipata zawadi 11 za Oscar. Hakuna iliyopata hesabu hiyo kabla yake, na nyingine mbili tu zimeifikia tangu hapo. Mwaka 1995 Vatikano iliitaja katika orodha yake ya picha 45 zenye thamani. Lakini siku hizi vumbi la mashindano latupita tu. Kinachotukaa moyoni ni maji. Ben-Hur, akiwa mfungwa mwenye minyororo, anyweshwa na mtu wa Nazareti ambaye uso wake hatuuoni hata mara moja. Miaka ikipita, anamwona mtu yule akibeba msalaba, naye anakimbia kumletea maji. Na katikati ya hayo yuko mama yake na dada yake, wenye ukoma, waliojificha asiwaone. Mtu aliyeshinda mbele ya maelfu hawezi kupumzika mpaka awashike kwa mikono yake.

Ya tatu ni Come Back, Africa. Mwongozaji wake, Mmarekani Lionel Rogosin, aliipiga Johannesburg kwa siri, akiidanganya serikali kwamba anatengeneza picha ya muziki. Alisaidiwa kuitunga na waandishi wawili wa huko, Bloke Modisane na Lewis Nkosi. Wachezaji wake ni watu wa kawaida. Zakaria, mtu wa shamba, aja mjini kutafuta kazi. Bibi Mzungu anayemwajiri aona jina lake zito, ampa jina la Jack. Afukuzwa hapa, afukuzwa pale. Na bila vibali hawezi hata kukaa mjini. Mkewe aitwa Vinah, naye apata kazi ya nyumbani kwa Wazungu. Usiku mmoja Zakaria akamatwa katika chumba cha mkewe mwenyewe, kwa kuwa sheria haikumruhusu kulala pale. Akirudi kutoka kifungoni, akuta mkewe ameuawa na mhuni. Mtu huyu hakuitupa nyumba yake; alikatazwa kuwa nayo. Katika picha hiyo Miriam Makeba aimba kidogo tu, akaonekana Venice mwaka 1959. Mwaka 1960 serikali ya Afrika ya Kusini ikamnyima pasipoti yake, asikanyage tena kwao mpaka mwaka 1990. Basi hata aliyeimba alilipa kwa nyumba yake.

Ya pili ni Les Quatre Cents Coups, ya Mfaransa François Truffaut, aliyekuwa na umri wa miaka 27. Mtoto Antoine, wa Paris, hana ubaya kupita watoto wengine. Amekosa shule, mwalimu akimwuliza sababu, ajibu kwamba mama yake amekufa. Uongo wafichuka mama akitokea mlangoni. Baadaye aiba mashine ya kuandikia katika ofisi ya baba yake wa kambo, na akamatwa si wakati wa kuiba, bali wakati wa kuirudisha! Baba huyo mwenyewe ampeleka polisi. Mama amwambia kwamba hawamtaki tena nyumbani. Mtoto atoroka, akimbia mpaka baharini, na pale maji yanapomzuia ageuka atutazame. Picha yasimama juu ya uso ule. Huko Cannes, mwaka 1959, Truffaut alipewa zawadi ya uongozaji, na Ofisi ya Kimataifa ya Kikatoliki ya Sinema nayo ikaitunza picha hii. Walitambua kwamba picha yenye mwizi ndani yake yaweza kuwa na mafundisho kuliko picha yenye watakatifu tupu. Truffaut mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hiyo. Aliyemwokoa ni mtu mmoja, André Bazin, mwandishi wa mambo ya sinema, aliyempenda kama mwana. Bazin alifariki mwezi wa Novemba 1958, picha ilipoanza kupigwa, nayo imewekwa kwa ukumbusho wake.

Ya kwanza, wasomaji wapenzi, yatoka Uhindi: Apur Sansar, ya Satyajit Ray, ya mwisho katika picha zake tatu za maisha ya Apu. Apu ni kijana maskini mwenye kupenda vitabu. Amwoa Aparna pasipo kutazamia. Nao, katika chumba duni kando ya reli huko Calcutta, wapendana. Kisha Aparna afa kwa kujifungua. Apu asema mtoto ndiye aliyesababisha kifo, akataa hata kumwona. Atanga huku na huku, atupa kurasa za kitabu alichokuwa akikitunga, mpaka yapata miaka mitano. Rafiki amtafuta na kumkumbusha wajibu wake. Aenda, na mtoto, badala ya kumkumbatia, amtupia jiwe. Kwa mtoto, baba ni mtu aliye mbali Calcutta, si huyu mgeni mwenye ndevu. Apu aanza kuondoka. Ndipo mtoto amfuata kwa mbali, na kumwuliza kama atampeleka kwa baba yake, na yeye ni nani. Apu hajidai baba. Ajibu kwamba yeye ni rafiki. Mtoto akimbia, na Apu ambeba mabegani.

Kwa nini tumeiweka juu ya nyingine zote? Kwa sababu Antoine anatuliza, lakini Apu anatuhukumu. Mara nyingi twasikitikia watoto wa njiani, wale wanaoitwa shege au maibobo katika miji yetu, tukilaumu vita, njaa na serikali. Hayo yote ni kweli. Zakaria anashuhudia kwamba sheria mbaya yaweza kubomoa nyumba ya mtu mwema. Lakini wako pia akina Apu kati yetu: baba aliyekwenda machimboni asirudi, ndugu aliyemwita yatima mchawi. Kwao hao picha hii haina mahubiri. Yawaambia maneno mawili tu: kurudi kunawezekana, na anayerudi asidai heshima ya baba siku ya kwanza. Aanze kwa urafiki, hata akipigwa jiwe.

Basi, mkipata nafasi ya kuziona picha hizi, msizionee pembeni kila mtu na simu yake. Kaeni pamoja, wazee kwa watoto. Na zikiisha, msiinuke upesi. Waulizeni watoto waliona nini katika uso wa Antoine kule baharini. Wakijibu, msiwakatize. Huenda wakawaambia jambo ambalo walikuwa hawajapata pa kulisema.