Kamituga: diski ndogo si sababu ya kutegemea mizani ya mwingine

Kamituga, wilayani Mwenga, kila mchimba zahabu anajua jambo hili: asiye na mizani yake hukubali uzito anaoambiwa na mnunuzi. Kijana anayelipwa kwa Bitcoin yuko vilevile. Simu inamwambia pesa imefika, naye anaamini. Mizani iko mikononi mwa mwingine.

Mizani ya Bitcoin inaitwa nodi. Ni komputa yenye programu ya bure, kama Bitcoin Core, inayokagua yenyewe malipo yote tangu bloki ya kwanza ya tarehe 3 Januari 2009. Isichanganywe na uchimbaji wa Bitcoin, kama ule wa Hifadhi ya Virunga huko Luviro, Kivu Kaskazini, unaotumia umeme wa maji. Nodi haichimbi, wala haimlipi mwenyewe hata franka moja. Anayemwahidi kijana utajiri kwa njia hiyo anamdanganya.

Wengi hukata tamaa wakisikia kwamba daftari lote la Bitcoin limepita gigabaiti 600, wakati komputa yao ina diski ya 120. Hiyo si sababu. Tangu 2015, Bitcoin Core inaruhusu kupunguza daftari. Mwenyewe anaandika prune=550 kwenye faili ya mipangilio. Programu inakagua bloki zote, kisha inafuta za zamani na kubakiza takriban megabaiti 550. Ukiongeza orodha ya pesa ambazo hazijatumiwa, yenye zaidi ya gigabaiti 10, diski hiyo bado inatosha. Ukaguzi ni uleule. Kinachopotea ni uwezo wa kuwapa wengine bloki za zamani na wa kufuatilia historia ya pochi ya zamani.

Kizuizi cha kweli ni mega na umeme. Hata diski ikiwa ndogo, gigabaiti zile 600 lazima zipite kwenye mtandao mara moja. Kuzinunua kwa mega za simu ni hasara tupu. Heri vijana wachange, wapeleke komputa moja mji wenye intaneti isiyopimwa kwa mega, wamalize kazi huko, ndipo wairudishe Kamituga. Baadaye ni bloki kama 144 kwa siku, zaidi ya megabaiti 200.

Komputa hiyo iwe laptopu yenye betri nzima. Umeme ukikatika ghafla, data inaweza kuharibika, na nodi iliyopunguzwa ikiharibika italazimika kupakua yote upya. Mchango wote utakuwa umepotea.

Asiyetumia Bitcoin hana haja ya kujisumbua. Lakini kikundi kinachoipokea kwa bidhaa au kazi kisikabidhi kitu kabla nodi yake haijathibitisha malipo. Mizani moja ya wote ni bora kuliko simu ishirini zinazoamini tu.