Nguo Nyeupe na Mikono Iliyoifua

Ndugu msomaji, ukitoka Makambako, mahali ambapo reli ya TAZARA hukutana na barabara kuu iendayo Mbeya, ukaipita Njombe na kuendelea kupanda milima ya Makete, utafika Ikonda. Huko baridi huingia hadi kwenye mifupa, na nguo iliyoanikwa wakati wa mvua na ukungu hukauka kwa taabu. Watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kufuata tiba katika Hospitali ya Konsolata iliyopo hapo. Wakirudi makwao husimulia habari za madaktari na za dawa. Ni nadra kumsikia mgonjwa akimtaja mtu aliyefua shuka alilolalia.

Juma hili nakualika tumfikirie mtu huyo. Wamisionari walioianzisha hospitali ya Ikonda ni wa shirika lililozaliwa mjini Torino, Italia, mwaka 1901. Katika nchi hiyohiyo ya Italia, upande wa kusini karibu na Napoli, yamehifadhiwa magofu ya nyumba ya madobi yenye umri wa karibu miaka 2,000. Twende tukaizuru, kisha turudi nyumbani tukiwa na la kuzungumza.

NDANI YA NYUMBA YA STEPHANUS

Mji wenyewe ni Pompeii. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 baada ya Kristo, majivu na mawe yaliufukia mji mzima, ukasahauliwa kwa karne nyingi. Nyumba tunayoizuru ilifukuliwa katika miaka ya 1910, ikapewa jina la Stephanus kwa sababu jina hilo lilikutwa limeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa mbele.

Mlango wake ni mpana kama wa duka. Karibu nao palisimama shinikizo la mbao ambalo kazi yake ilikuwa kubana nguo zilizokwisha kusafishwa ili zinyooke. Ndiyo pasi ya zama hizo. Ukisonga mbele unafika penye uwazi wa paa. Katika nyumba za matajiri hapo ndipo palipokuwa na kidimbwi cha kupokea maji ya mvua. Hapa kidimbwi kiligeuzwa kuwa hodhi la kufulia, na paa la juu likafanywa bapa ili nguo zianikwe juani. Nyuma kabisa yapo mahodhi makubwa matatu yaliyounganishwa, maji yakitoka katika moja kuingia katika jingine. Kando yake vipo vijibanda vyembamba vya kufulia. Humo dobi alisimama ndani ya beseni, akaegemeza mikono kwenye kuta fupi za huku na huku, akazikanyaga nguo kwa miguu.

Alizikanyaga katika nini? Usikunje uso, ndugu msomaji. Warumi hawakuwa na desturi ya kufulia nguo kwa sabuni. Walitumia udongo maalumu unaonyonya mafuta, na pia mkojo uliowekwa siku nyingi. Mkojo ukilala hutoa amonia, nayo hukata uchafu wa mafuta kama magadi yanavyofanya. Bidhaa hiyo ilikuwa na thamani hata Kaisari Vespasian, aliyetawala kuanzia mwaka 69 hadi 79, akaitoza kodi. Mwanahistoria Suetonius anasimulia kwamba Titus, mwana wa Kaisari, alipolalamika juu ya kodi hiyo, baba yake alimsogezea sarafu puani na kumwuliza kama inanuka.

Sarafu haikunuka, lakini miguu ya dobi ilikuwa ndani ya maji hayo kutwa nzima. Waliofaidi weupe wa nguo walikuwa wengine. Raia wa Kirumi aliyegombea cheo alivaa vazi la sufu lililong'arishwa kuwa jeupe mno, na neno la Kilatini la mgombea lilitokana na weupe huo. Waliolikanyaga vazi lake wengi wao walikuwa watumwa, au watu waliowahi kuwa watumwa.

BUNDI WA MADOBI

Ungetazamia kwamba watu kama hao wangepotea bila ya kuacha alama. Haikuwa hivyo. Katika nyumba nyingine ya madobi mjini humo ilikutwa nguzo yenye picha za kazi yao, na sasa picha hizo zimo katika jumba la makumbusho la Napoli. Wamo vijana wakikanyaga nguo katika mabeseni. Yumo anayesugua kitambaa kwa brashi. Yumo aliyebeba tenga ambalo juu yake nguo zilitandazwa zifukizwe moshi wa salfa ili ziwe nyeupe. Juu ya tenga ametua bundi. Kwetu bundi ni ndege wa uchuro, lakini kwao alikuwa ndege wa Minerva, mungu wa kike aliyeaminiwa kuwalinda mafundi. Tena kwenye ukuta wa barabarani mtu mmoja aliandika mzaha juu ya utenzi mkuu wa Virgil, akawataja madobi na bundi wao mahali pa shujaa na silaha zake.

Zaidi ya hayo, madobi wa Pompeii walikuwa na umoja. Matangazo ya uchaguzi yaliyochorwa ukutani yanaonyesha madobi wote kwa pamoja wakiomba kura kwa ajili ya mtu waliyemtaka. Na katika jengo kubwa kando ya uwanja mkuu ilikutwa sanamu ya mwanamke aliyeitwa Eumachia, yenye maandishi yanayosema kwamba waliyoisimamisha ni madobi. Kwa hiyo mahodhi yanatufundisha jinsi kazi ilivyofanywa. Maandishi ya pamoja ndiyo yanayotuambia kwamba walioifanya walikuwa watu wenye kauli.

DOBI WA LEO

Sisi Waswahili tunayo hadithi ya punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio, ambayo Edward Steere aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1870. Punda tumemcheka miaka mingi. Dobi mwenyewe hatujamwuliza hali yake.

Wala kazi yake si ya urembo tu. Florence Nightingale alipofika katika hospitali ya kijeshi ya Scutari, Uturuki, mwaka 1854, alikuta majeruhi wamelala katika uchafu. Miongoni mwa hatua zake za mwanzo ilikuwa kupata nyumba, kuweka humo vyombo vya kuchemshia maji, na kuwaajiri wake za askari wafue kwa ujira. Alijua kwamba shuka safi ni sehemu ya tiba. Ndivyo ilivyo Ikonda, na ndivyo ilivyo chumbani kwako.

Basi tujiulize. Mama anayepita mitaani akiomba nguo za kufua, je, mnapatana ujira kabla hajaloweka, na unamlipa siku ileile? Unampa sabuni ya kutosha, au unamhesabia vipande? Msichana wa kazi anafua nguo za watu wanane, zikiwemo nguo za ndani ambazo kila mtu mzima angepaswa kujifulia? Mtoto wa kiume mwenye miaka 12 amefundishwa kufua sare yake ya shule, au anangoja dada yake aache daftari?

Mkataba wa kimataifa juu ya kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani ulipitishwa Geneva mwaka 2011. Hapa kwetu amri za serikali za kima cha chini cha mshahara zinawataja wafanyakazi hao, na chama cha CHODAWU hupokea wanachama kutoka miongoni mwao. Mwajiri mwema humwambia mfanyakazi wake habari hizo, wala hamfichi.

Jumamosi ijayo beseni litakapotolewa uani, hebu tazama ni nani anayeinama juu yake, na ni nani aliyeketi kivulini akingoja shati. Kama aliyeketi ni wewe, ndugu msomaji, walau maji ya kusuuzia unaweza kuyateka. Tuonane Jumapili.