Msiwatenge Wachezaji wa Shinyanga

Nimesoma hoja kwamba wachezaji wa sataranji wa Shinyanga na Geita watengewe mashindano yao, eti kumpanga chipukizi na bingwa wa Dar es Salaam ni kumpotezea bingwa muda. Sikubaliani nayo hata kidogo.

Mfumo wa Uswisi, unaotumika katika mashindano mengi, katika raundi ya kwanza huwakutanisha kwa makusudi walio nusu ya juu na walio nusu ya chini ya orodha ya viwango. Na kwa hesabu za viwango za Arpad Elo, zilizopitishwa na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, mwaka 1970, anayezidiwa pointi 400 za kiwango bado hutarajiwa kuvuna alama kama 9 katika michezo 100. Siyo sifuri!

Mashindano ya kweli pia hufundisha: kijana aliyejifunzia kwenye simu amezoea kurudisha kete. Mezani akigusa farasi, sheria inamlazimu amcheze, hata kama malkia wake ataliwa. Somo hilo halisahauliki.

Na kushindwa hukomaza: mchezaji Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alipoteza michezo kadhaa kwenye Olimpiadi ya Sataranji ya 2010 huko Urusi. Mwaka 2012, Istanbul, akapata cheo cha FIDE.

Waandaaji, msiwatenge. Leteni mashindano ya wazi Shinyanga, na mabingwa waje.