Pamba ya ndoo ya maji

Na Shija Ngassa

Msimu wa pamba ukifunguliwa, huku Malampaka na Simiyu nzima lawama ni ileile: wakulima wanaloweka pamba. Wapo, sikatai. Usiku wa kuamkia siku ya kupima, maji yananyunyizwa katikati ya salfeti. Wengine wanatia mchanga, wengine chumvi ili pamba ivute unyevu. Juu inatandazwa pamba kavu, nyeupe pee. Karani akigusa juu juu tu, imepita.

Pamba mbichi ikirundikwa ghalani inapata joto, nyuzi zinageuka njano na mbegu inaoza. Mchanga unatafuna mitambo ya jineri, na kokoto ikigonga chuma, cheche moja yatosha kuteketeza ghala. Hata salfeti yenyewe ina hatari: ikichanika, nyuzi zake za plastiki zinajichanganya na pamba, na kiwandani hazishiki rangi kabisa. Inauma, kwa sababu pamba yetu inachumwa kwa mkono na ilistahili kuwa safi kuliko ile ya mashine.

Lakini mkulima asibebeshwe mzigo huu peke yake. Wakulima wa Usukuma walianza zamani kulalamikia mizani ya wanunuzi, hata wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na manung'uniko hayo ushirika ulikua chini ya Paul Bomani, ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika, Victoria Federation, mwaka 1955. Mtu anayeamini kilo zake zinaliwa kwenye mzani atazifidia kwa ndoo. Hilo halimtakasi, ila ukimkamata yeye ukauacha mzani, hujatibu kitu.

Kwa hiyo AMCOS, chama cha ushirika kinachokusanya pamba yetu, ipime mbele ya mwenye pamba, kwa mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo, na kilo zitajwe kwa sauti. Kila salfeti imwagwe turubaini hadi chini. Muhimu kuliko yote, fifi, yaani pamba chafu ya daraja la chini, isilipwe bei ya safi. Mama aliyeshinda kivulini akichambua majani na vitumba vilivyooza, akilipwa sawa na aliyemwaga maji, mwakani hatachambua, na sitamlaumu.

Ununuzi huanza Mei. Mkutano wa wanachama uitwe kabla ya hapo, na viongozi waje na mzani wenyewe, ujaribiwe kwa mawe ya kupimia mbele ya watu wote.